"Maziwa" Ndani ya Rejeta: Fundi Anajibu Barua Tatu Kutoka Kanda ya Ziwa

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinazungumzia jambo moja kwa sura tofauti, yaani maji ya kupozea injini yaliyobadilika rangi katika magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi. Ya kwanza ndiyo nzito, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa. Nyingine mbili nimezijibu kwa kifupi. Majina ya walioandika hatuyachapishi.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ninauza dagaa. Napakia mzigo Mwaloni, Kirumba, na kuupeleka Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 sisubiri tena kivuko. Miezi miwili iliyopita nilinunua Toyota Noah ya mwaka 1999, ya petroli na gia otomatiki, kutoka kwa mtu binafsi. Siku ya kuikagua maji ya rejeta yalikuwa masafi kabisa. Wiki ya tatu nikaona kopo la akiba limejaa mpaka linamwagika, na ndani yake kuna uchafu mzito wa rangi ya chai ya maziwa, unaoteleza vidoleni. Mshale wa joto hauvuki katikati. Oili ya injini nimeitazama kwenye kijiti, ni nyeusi ya kawaida. Jambo jingine, ambalo sijui kama linahusika, ni kwamba nikipandisha mlima kwenda Bugando injini inanguruma kwanza, halafu gia ndiyo inashika. Fundi mmoja anasema gasketi ya silinda hedi imekufa na anataka kufungua injini. Wa pili anasema nioshe rejeta kwa sabuni ya unga, nijaze maji, niendelee na safari zangu. Nimsikilize nani? (Mama wa dagaa, Nyakato, Mwanza)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na gari usilitembeze hata kwenda sokoni mpaka umalize kusoma jibu hili. Hilo jambo uliloliandika mwisho, ukidhani huenda halihusiki, ndilo lililonifanya niweke barua yako juu ya nyingine zote.

Ute wa rangi ya chai ya maziwa maana yake ni moja tu: oili imeingia kwenye maji, na pampu ya maji imeyapigapiga mchanganyiko huo mpaka oili na maji vikashikana. Mpaka hapo mafundi wako wote wawili wangekubaliana nami. Swali ambalo hakuna aliyekuuliza ni oili ipi, kwa sababu ndani ya gari lako kuna oili mbili zinazopita karibu na maji. Ya kwanza ni ya injini. Ya pili ni ile nyekundu ya giaboksi, inayoitwa ATF, ambayo nayo hupata joto kali na hulazimika kupozwa. Katika magari mengi ya otomatiki kutoka Japani, oili hiyo hutoka kwenye giaboksi kwa bomba jembamba la chuma, ikapita ndani ya kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya tanki mojawapo la rejeta, mara nyingi lile la chini, kisha ikarudi kwa bomba la pili. Ukiinama mbele ya gari na tochi utayaona mabomba hayo mawili yakiingia kwenye rejeta, membamba kama kidole. Kati ya oili na maji hapo ndani hakuna kitu kingine ila ukuta mwembamba wa chuma, nao umekaa humo kwa zaidi ya miaka 20, na pengine sehemu ya miaka hiyo ndani ya maji matupu yasiyo na dawa ya kuzuia kutu.

Ukuta huo ukitoboka, mambo hutokea kwa zamu. Injini ikiwa inafanya kazi, pampu ya giaboksi huisukuma oili kwa nguvu kuliko maji, kwa hiyo oili ndiyo inayovuka kuingia kwenye maji. Ndiyo sababu kopo lako la akiba lilijaa hadi kumwagika bila wewe kuongeza kitu. Ukizima gari, nguvu ya oili inaisha mara moja, lakini maji ya moto bado yamebanwa na mfuniko wa rejeta, na sasa yanavuka kwa tundu lile lile kuelekea kwenye giaboksi. Ndani ya giaboksi otomatiki kuna sahani za msuguano zilizovikwa utando unaofanana na karatasi nene, uliogandishwa kwa gundi. Maji huulainisha utando huo na kuilegeza gundi, sahani zikaanza kuteleza, na dereva akasikia injini inanguruma kabla gia haijashika. Hapo tunarudi kwenye mlima wa Bugando.

Usianze kutoa pesa kwa sababu mimi nimesema, maana mimi sijaliona gari. Kuna vipimo ambavyo unaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani, na vyote havigharimu zaidi ya chupa tupu na bahasha.

Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na rejeta ni baridi kabisa, fungua mfuniko. Nasisitiza baridi, kwa kuwa maji yaliyobanwa yanaweza kuwa na joto la zaidi ya digrii 100 bila kuchemka, na mara tu unapofungua yanalipuka kuwa mvuke. Nimeona mikono na nyuso zilizoharibika kwa sababu ya haraka ya dakika 20. Fungua kizibo kidogo kilicho chini ya rejeta, kinga kiasi cha nusu lita kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, kisha iache kivulini mpaka siku ya pili. Kutu itazama chini kama udongo mwekundu na kuacha maji juu yake. Oili haizami: ama itapanda juu kama samli, ama itabaki imeshikana na maji kuwa ute. Ukiwa bado na shaka, dondosha tone moja kwenye bahasha ya kaki na uiache ikauke. Maji yakikauka hayaachi kitu cha maana, lakini oili itaacha doa linalopitisha mwanga, kama lile linaloachwa na andazi kwenye gazeti.

Rangi peke yake isikudanganye. ATF mpya ikiingia kwenye maji masafi hutoa rangi ya waridi, na mafundi wengi wanasubiri waone waridi ndipo waseme ni giaboksi. Lakini ATF ya zamani huwa imekwisha kuwa ya kahawia, na ikikutana na kutu ya miaka mingi inakuwa hiyo hiyo chai ya maziwa uliyoiona.

Kwa hiyo kipimo kinachotofautisha ni kijiti cha giaboksi, si cha injini. Kwa kawaida kwenye Toyota kinasomwa gari likiwa mahali tambarare, injini inaunguruma taratibu, gia ikiwa kwenye P, baada ya kupitisha mkono wa gia kila mahali na kuurudisha. Nimekukataza kulitembeza gari. Kuliwasha dakika mbili tatu kwa ajili ya kipimo hiki si kosa. Futa kijiti kwa karatasi nyeupe, kirudishe, kivute tena. Oili nzima ni nyekundu au kahawia, na unaweza kuona karatasi kupitia kwake. Iliyoingiwa na maji haipitishi mwanga, ina rangi ya maziwa ya sitroberi au ya uji, ina vipovu, na mara nyingi imepanda juu ya alama ya mwisho. Ukiona hivyo zima gari, na kutoka hapo litembee kwa kuvutwa tu, tena juu ya kibebeo au magurudumu ya nyuma yakiwa yameinuliwa, kwa sababu magurudumu hayo ndiyo yanayoendeshwa na giaboksi hiyo hiyo tunayojaribu kuiokoa.

Sasa gasketi, yaani kile kizibo chembamba kilicho kati ya silinda hedi, kichwa cha juu cha injini, na mwili wa injini. Simdharau fundi wa kwanza, kwa kuwa gasketi ya silinda hedi ikiungua inaweza kweli kuchanganya oili na maji. Hata hivyo, gasketi iliyoungua mara nyingi hupitisha moto na gesi ya mlipuko kabla ya kitu kingine, nayo ina dalili zake: gari linachemsha kwenye mlima, maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini baridi, vipovu vinatoka mfululizo mdomoni mwa rejeta, na moshi mweupe unatoka nyuma hata saa ya jua kali. Wewe hukutaja hata moja. Maji yako yameongezeka badala ya kupungua, na mshale umetulia. Fundi akishikilia neno lake, mwombe akupimie kwa ile dawa ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya injini ikiwemo ndani ya maji, dawa inageuka kuwa ya njano. Kipimo hicho ni cha dakika chache na hakifungui hata bolti moja. Fundi anayetaka kunyanyua silinda hedi bila kukifanya anajifunza kwa gharama yako.

Nina sababu ya kusema hivyo. Miaka iliyopita mimi mwenyewe nilifungua pikapu ya dizeli iliyoletwa na ute kama huu huu. Nikanyanyua silinda hedi, nikaipeleka kuchongwa, nikaweka gasketi mpya, nikamkabidhi mwenye gari huku nimejaa fahari. Siku ya nne akarudi, maji yamekuwa maziwa tena. Kosa lilikuwa kwenye kipoza oili ya injini, kipande kisichozidi kiganja cha mkono, kilichofungwa ubavuni mwa injini kwa bolti chache. Alikuwa mtu muungwana, hakunitukana. Alikaa tu kwenye ndoo iliyopinduliwa akanitazama nikikifungua. Injini nyingi za dizeli zina kipoza cha namna hiyo, na wasomaji wenye dizeli waanze kuulizia hapo.

Kwako wewe, uthibitisho wa mwisho unapatikana kwa mafundi wa rejeta. Rejeta itolewe, njia moja ya oili izibwe, nyingine ipulizwe upepo, na rejeta yote izamishwe kwenye pipa la maji. Vipovu vikitoka kwenye mdomo wa maji, kipoza kimetoboka, na hakuna mabishano tena.

Likithibitika, nakushauri ununue rejeta nyingine badala ya kuchomelea hiyo, kwa kuwa kipoza kimo ndani ya tanki na kiraka chake hakikaguliki. Ipo njia nyingine ya kuziba kipoza cha ndani na kufunga kidogo cha nje mbele ya rejeta. Ni njia halali, ila mabomba yake yafungwe vizuri yasisuguane na chuma. Giaboksi nayo imwagwe oili, chujio libadilishwe. Hapa ndipo watu wanapopunjwa: ukimwaga kwa kizibo cha chini inatoka sehemu tu ya oili, nyingine inabaki kwenye ile boksi ya duara iliyo kati ya injini na giaboksi. Inabidi kujaza, kuwasha, kupitisha gia, kumwaga tena, mara tatu au zaidi, mpaka inayotoka iwe nyekundu safi. Je, gia zitaacha kuteleza? Zinaweza, kama maji hayajakaa humo muda mrefu. Kwa gari lililobeba dagaa hivyo kwa wiki kadhaa sitakuahidi kitu.

Ndipo uje kwenye kuosha njia za maji, ambako fundi wa pili alitaka kuanzia. Kuosha kabla ya kuziba tundu ni kuchota maji kwa kikapu. Na sabuni ya unga ya kufulia siipendi, kwa kuwa inatoa povu jingi, povu ni hewa, na hewa haipozi injini. Tumia dawa maalumu ya kusafishia rejeta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Hita iwe wazi ili nayo ioshwe. Themostati, ule mlango mdogo wa maji unaojifungua injini ikipata joto, itolewe wakati wa kuosha na irudishwe ukimaliza. Urudie mpaka maji yatoke bila utelezi. Petroli na dizeli zisiingie humo kabisa. Kisha bonyeza mipira yote ya maji kwa vidole. Iliyolowa oili huvimba na kulegea kama papai lililoiva, na hiyo ibadilishwe hata kama haivuji.

Yanayomwagwa yakingwe kwenye madumu. Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, ni sumu, ina utamu unaovutia watoto na mifugo, na mfereji wa Nyakato au Mabatini unaishia kwenye Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani unakotoka huo dagaa.

Kuhusu maji masafi uliyoyaona siku ya kununua, rejeta ya gari la mwaka 1999 yenye maji yanayong'aa si lazima iwe sifa. Mara nyingine yalibadilishwa asubuhi ile ile. Ungechungulia chini ya mfuniko wa rejeta na kwenye kuta za kopo la akiba, mahali ambapo mwenye haraka hasugui, huenda ungekuta utando.

SWALI: Fundi, nina Hiace hapa Nansio, Ukerewe. Maji ya rejeta ni mekundu kama udongo wa kichuguu, lakini hayatelezi. Huwa tunajaza maji ya ziwa. Gari lilikuwa linachemsha, fundi akatoa themostati, likatulia kidogo, sasa linachemsha tena nikiwa na abiria kamili. Je, na mimi nina oili kwenye maji? (Dereva, Nansio)

JIBU: Fanya kipimo cha chupa kama nilivyoeleza juu. Naamini utakuta udongo mwekundu chini na maji juu, yaani kutu. Maji ya ziwa yanayochotwa ufukweni huja na mchanga laini na majani ya majini, na hata yakichujwa kwa kitambaa bado ni maji matupu, hayana dawa ya kuzuia chuma kuliwa. Kutu hiyo inasafiri na kukaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Gari likiwa halina mzigo njia zilizobaki zinatosha; likijaa abiria hazitoshi. Gusa uso wa rejeta gari likiwa limepata joto na kuzimwa, ufunguo ukiwa umetolewa ili feni isikukate vidole: sehemu zilizo baridi katikati ya zilizo moto ndizo zilizoziba. Mpelekee fundi wa rejeta aifungue na kuizibua.

Themostati irudi. Katika injini nyingi za Toyota, mgongo wa kifaa hicho una kifuniko cha pili ambacho, injini ikipata joto, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiondoa kifaa chote, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Kabla ya kufunga hiyo ya zamani au mpya, ijaribu jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, chochea moto, uitazame. Joto la kufungukia limechapwa juu yake, mara nyingi 82. Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka karibu na digrii 96, si 100, kwa hiyo themostati nzima inapaswa kuanza kufunguka kabla sufuria haijachemka. Ikichemka nayo bado imefunga, tupa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya mwinuko, angalia mpira wa mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 au 1.1 unabana maji yasichemke mpaka yavuke digrii 110, wakati uliochoka unayaacha yachemke kwenye 96, tena ukiwa kwenye foleni ya kivuko ambako hakuna upepo wa mbele.

SWALI: Corolla yangu ina kulanti nyekundu. Dukani nimekuta ya kijani tu, nikaongeza. Sasa naona vipande kama jeli kwenye kopo la akiba. Ni oili? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Pitisha kidole. Ikikatika kama jeli ya mkate na ikasuguliwa kwa maji baridi ikaisha mkononi, si oili. Ni dawa mbili zilizokataana. Rangi ya kulanti ni rangi tu ya kutiwa, kila mtengenezaji huchagua yake, na nyekundu mbili zinaweza kutofautiana ndani kuliko nyekundu na kijani. Linalotazamwa ni maelezo ya kwenye dumu. Mwaga yote, osha kwa maji safi mpaka jeli iishe, ujaze aina moja.

Ukinunua iliyokwisha kuchanganywa, usiongeze maji. Ukinunua nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, ila soma chupa mara mbili, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo, katika chupa zinazofanana, huuzwa asidi ya betri, na muuzaji ukimwambia "maji ya betri" anaweza kukupa yoyote kati ya hizo. Jaza injini ikiwa baridi, iwashe mfuniko ukiwa wazi, subiri mpaka mpira mkubwa unaopeleka maji kwenye rejeta upate moto na vipovu viishe, funga. Kesho yake asubuhi kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo. Ongeza kwenye kopo la akiba mpaka alama ya chini, usipite ya juu.